Spika ya Nyuma Kulia

Tangu saa tatu asubuhi Bi Futi alikuwa chini ya meza, tochi mkononi, akiitukana kompyuta kwa sauti ya chini, maana mama mkwe wake alikuwa jikoni na mlango wa jikoni ulikuwa wazi.

"Juzi ulikuwa mzima," alinong'ona. "Leo una mdudu gani?"

Spika zote tano zilikuwa zimenyamaza utadhani zimesusa. Saa kumi alasiri Mwongozaji angekuja kusikiliza filamu yake mpya. Hakuwa anakuja kupiga soga. Alikuwa anakuja kusikiliza, na asiporidhika angeondoka na filamu yake na kuwapelekea watu wengine, na ikiondoka hiyo zitaondoka na zote zitakazofuata. Alishamwambia hivyo kwenye simu, bila kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Bi Futi lilikuwa jina la kazini. Walimpachika kwa sababu hakosi futi kamba mfukoni, hata akienda msibani. Kazi yake ni kuchanganya sauti za filamu. Picha humfikia ikiwa na maneno makavu. Yeye ndiye anayetia nyayo, mvua, mlango unaolia bawaba, kisha anaamua kila sauti imfikie mtazamaji kutoka wapi, mbele, ubavuni au kisogoni. Kwa hiyo sebule ya nyumba hii haikuwa sebule. Wageni walikaribishwa kibarazani. Humu ndani kulikuwa na meza, kompyuta ya Linux aliyoiunga mwenyewe, amplifaya, spika tano zilizozunguka duara, pipa la besi chini ya meza, na katikati ya duara, kiti.

Kiti hicho ndicho kilichokuwa mwenye nyumba. Kila spika ilikuwa futi sita kamili kutoka mgongoni pake, wala si inchi moja zaidi. Miguu yake minne ilikuwa imezungushiwa utepe mwekundu sakafuni, na ole wake atakayekisogeza. Mama mkwe akifagia, anakizunguka. Mumewe, dereva wa malori ya masafa marefu, akirudi safari husimama mlangoni na kuuliza, "Kiti hakijambo?" kabla ya kuuliza habari za mtu yeyote.

Sasa, huu ugomvi na kompyuta ulianza hivi. Siku nne nyuma Mwongozaji alipiga simu. Bi Futi aliiweka simu sikio la kushoto, kama kawaida yake siku hizi, kwani mkono wa kulia una kazi ya kushika kipanya.

"Dada, filamu zangu mbili za mwisho zimeegemea nyuma kulia," alisema Mwongozaji. "Ile ya mvua, watu ukumbini waligeuka wakadhani paa linavuja. Mmoja alihama kiti, nakwambia. Na hii mpya ni ya mlinzi wa ghala, mwanzo mpaka mwisho anasikia nyayo nyuma yake. Nyayo zikikosea, sina filamu."

"Ni kompyuta," alisema Bi Futi papo hapo. "Inahitaji kusasishwa. Niachie mimi."

Akaisasisha yote, toka shina mpaka majani. Ilipowaka tena, spika zote zikawa zimekufa kabisa. Kwa maneno mengine, alikuwa na ubovu mmoja, akajitafutia wa pili.

Ule wa pili alijua atauweza. Alichomoa waya wa dijitali kwenye amplifaya akautazama nchani. Taa nyekundu ilikuwa inawaka ndani yake, maana waya huu husafirisha sauti kwa mwanga. Basi waya mzima. Akafungua dirisha jeusi la amri, akaita orodha ya njia za sauti, akakuta ile ya dijitali ina herufi mbili za M chini yake, yaani imezibwa mdomo. Akaizibua. Kimya. Akagundua kompyuta ilikuwa inapeleka sauti kwenye tundu la televisheni, tundu ambalo halijawahi kuona waya tangu lizaliwe. Akaielekeza kwenye tundu lake. Spika mbili za mbele zikafufuka, zilizobaki wapi. Kioo kidogo cha amplifaya kilikuwa kinaonyesha 2.0, yaani spika mbili tu, tena bila haya.

"Mwanangu!" Pengine mama mkwe aliita mara mbili au tatu, Bi Futi aliinua kichwa pale tu kivuli chake kilipomwangukia. Mwanamke yule alikuwa amesimama upande wa kulia, kwenye mlango wa jikoni, ufagio mkononi kama askari aliyenyimwa likizo.

"Chai nimekuwekea. Imepoa. Nimeita mpaka koo limekauka."

"Samahani, mama, nilikuwa kwenye kazi."

"Kazi," alisema mama mkwe, akarudi jikoni.

Bi Futi hakuwa na nafasi ya kufikiria chai. Alikuwa anajikuna kichwa juu ya jambo alilokuwa akilijua fika na lilikuwa linamkwepa. Lilimjia akiwa ameshika kikombe. Waya ule wa mwanga ni mwembamba. Sauti mbili zinapita kama zilivyo. Sita hazipiti mpaka zifungwe kifurushi kimoja upande huu, na amplifaya ikazifungue upande wa pili. Kile kipande cha programu kinachofunga kifurushi kilikuwa kimeondolewa wakati wa kusasisha, bila hodi wala kwaheri. Akakirudisha. Akachagua mpangilio wa spika sita kwa njia ya dijitali, akazima huduma ya sauti, akaiwasha. Amplifaya ikafanya tak! Kioo kikaandika 5.1, spika tano na pipa la besi.

Ilikuwa saa sita na nusu. Bi Futi alipiga kofi moja la peke yake, akakaa kwenye kiti, akarusha mvumo wa majaribio uzunguke spika moja baada ya nyingine. Mbele kushoto, shhh. Kati, shhh. Mbele kulia, shhh, hafifu kidogo. Alilipuuza hilo. Nyuma kulia, akangoja. Kilichomfikia kilikuwa mnong'ono mzito, kama redio ya jirani aliyefunga madirisha. Nyuma kushoto, shhh, safi kabisa.

Furaha yote ikamwishia. Ubovu wa kwanza, ule wa Mwongozaji, ulikuwa bado umekaa pale pale. Hii ndiyo spika iliyomponza: akiisikia hafifu, anaiongeza, anaiongeza tena, na ukumbini watu wanatafuta paa linalovuja.

Marehemu baba yake alikuwa fundi redio, mtu wa maneno machache na bisibisi nyingi, na alimwachia kanuni moja. Hamisha kitu kimoja, sikiliza. Ubovu ukihama nacho, umeukamata. Usipohama, rudisha, hamisha kingine. Kwa kanuni hiyo Bi Futi alijenga jina lake, na kwa kanuni hiyo akaanza.

Kwanza nyaya. Nyuma ya amplifaya akautia waya wa kushoto mahali pa kulia, na wa kulia mahali pa kushoto. Kama kosa ni la kompyuta, sasa litahamia spika ya nyuma kushoto. Akakaa, akarusha mvumo. Kulia bado hafifu.

Basi ni spika yenyewe. Akarudisha nyaya, akazibeba spika zote mbili za nyuma kwa kuzikumbatia, moja moja, akazibadilishana mahali, akapima futi sita kila upande, magoti yakimlia. Akakaa. Kulia bado hafifu.

Basi ni chumba! Akang'oa pazia. Akalivuta kabati hadi likaacha mikwaruzo sakafuni. Akalitoa nje godoro la wageni lililokuwa limeegemezwa ukutani. Alikuwa anatweta, kijasho chembamba kinamshuka mgongoni, na saa ya ukutani inakwenda mbio kuliko alivyoinunua. Saa nane na robo. Akakaa. Kulia bado hafifu.

Akakumbuka simu yake ina programu ya kupima ukubwa wa sauti. Akaiweka juu ya kiti, akarusha mvumo. Namba zikawa zile zile, kushoto na kulia. Akairudia. Zile zile. Bi Futi akaitazama simu kama shahidi wa uongo, akaizima.

"Simu yenyewe ya kuokoteza," alisema kwa sauti.

Hapo ndipo alipomwita mama mkwe. Hakupenda kumwita, kwa sababu kwa miezi miwili hivi nyumba ilikuwa na baridi isiyotajwa. Mama mkwe alikuwa akijibu mkato, akila mapema, akimsimulia mwanawe mambo kwenye simu na kunyamaza Bi Futi akiingia. Lakini maji yalikuwa ya shingo.

"Mama, nakuomba ukae kwenye kiti."

Mama mkwe alikitazama kiti, akamtazama na yeye. "Hiki? Ambacho nikikigusa kwa ufagio nyumba inawaka moto?"

"Hicho hicho. Fumba macho, uniambie spika ipi inasikika vibaya."

Alikaa kwa tahadhari, mikono mapajani, macho kafumba, na Bi Futi akarusha mvumo ukazunguka mara tatu. Mama mkwe alikuwa akielekeza kidole kila unapotokea, pale, pale, pale, bila kukosea.

"Zote sawa," alisema akifumbua macho.

"Sikiliza vizuri, mama. Hii ya nyuma, mkono wa kulia."

"Nimeisikia. Sawa na wenzake."

"Haiwezi kuwa sawa."

"Mwanangu, nimelea watoto sita kwenye nyumba ya vyumba viwili. Nilikuwa najua nani analia, yuko pembe ipi, na kama analia kweli au anadeka. Nakwambia ziko sawa."

Bi Futi alishusha pumzi. Alichotaka kusema kilikuwa kingine kabisa, lakini uchovu ukamsemea. "Labda ni umri, mama. Masikio yanachoka."

Mama mkwe aliinuka, akainyoosha khanga yake kiunoni, taratibu.

"Masikio yangu," alisema. "Yangu ndiyo yaliyochoka. Nilipohamia kwenu nikikuita hata chooni unaitika 'abee, mama', mpaka nikawa naona haya kukuita. Siku hizi nakuita nikiwa hapo mlangoni, mara moja, mara mbili, mara tatu, unaninyamazia kama umetia pamba masikioni. Nimemwambia mwanangu, mkeo ameniona mzigo. Akaniambia hapana mama, ana kazi. Haya. Kazi. Lakini usiniambie mimi ni kiziwi."

"Mama, sijawahi kukunyamazia, mimi..."

Mama mkwe alishaingia jikoni. Sufuria zilianza kugongana kuliko ilivyolazimu.

Bi Futi alirudi kukaa kwenye kiti kwa sababu hakuwa na pengine pa kwenda. Alikuwa amekasirika, na hasira ilikuwa haina mtu wa kumshukia. Hajawahi kumnyamazia mama mkwe, hata siku moja. Angemnyamaziaje mtu ambaye hakumsikia akiita?

Alirudia wazo hilo, polepole, na halikumpendeza.

Akarusha tena mvumo, bila sababu. Kulia hafifu. Akahesabu kwa vidole alivyohamisha: nyaya, spika, pazia, kabati, godoro. Programu ilikuwa mpya. Simu ilisema sawa, mama mkwe akasema sawa, naye akawaona wote wawili wabovu. Hamisha kitu kimoja, sikiliza. Ni kipi ambacho hakijahama humu ndani tangu asubuhi? Tangu mwaka jana, tangu alipobandika ule utepe?

Aliitazama miguu ya kiti ndani ya alama zake nyekundu.

Zikamjia akilini zile filamu mbili za mwisho, zilizochanganywa kabla ya kusasisha kompyuta. Alilijua hilo siku zote nne, na alikuwa amelizunguka kama mama mkwe anavyokizunguka kiti kwa ufagio. Ikamjia na homa ya miezi miwili nyuma, mafua mabaya yaliyomlaza siku tano, na asubuhi aliyoamka sikio linavuma, naye akasema maji yameingia wakati wa kuoga. Mvumo huo wa sikio ulipoisha alifurahi. Hakujiuliza umeondoka na nini.

Alisimama. Akakishika kiti kwa mikono miwili, akakigeuza chote, mgongo kule kulikokuwa na meza, uso kwenye ukuta wa nyuma. Utepe mmoja ukang'oka ukajikunja sakafuni. Akakaa, akiwa ameipa kompyuta kisogo kwa mara ya kwanza katika kazi yake, kipanya kwenye paja. Ile spika ya nyuma kulia sasa ilikuwa mbele yake, upande wa kushoto.

Akairushia mvumo. Shhh! Safi, kali, nzima kama siku ilipotoka dukani.

Akairushia ile nyingine, ya nyuma kushoto, ambayo haikumkosea kitu siku nzima, na ambayo sasa ilikuwa mkono wake wa kulia. Ikamjia mnong'ono mzito, wa redio ya jirani.

Ubovu ulikuwa umehama. Umehama na yeye.

Aliogopa. Hakuwa na woga wa Mwongozaji, huyo alimsahau kabisa kwa muda huo. Alikuwa na woga wa kitu kikubwa zaidi, kwamba nusu ya dunia ilikuwa imezimwa kwa wiki nane na yeye, Bi Futi, anayeweza kukwambia mlango uliofungwa kwenye filamu ni wa mbao gani, hakuwa amegundua. Alilishika sikio la kulia kwa kiganja, akaliziba, akaliachia, akaliziba tena. Hakuna kilichobadilika.

"Mwanangu," sauti ilisema, si kubwa, karibu ya kujisemea. "Ugali wako nauacha mezani."

Mlango wa jikoni, kwa namna kiti kilivyokaa sasa, ulikuwa upande wake wa kushoto.

"Abee, mama," alisema Bi Futi.

Sufuria zikanyamaza. Mama mkwe akatokea mlangoni, mwiko mkononi, akitafuta kujua kama anadhihakiwa. Aliliona pazia limelala chini, akaona kiti kimegeuzwa, utepe umeng'oka, na mkwe wake amekaa ameshika sikio, machozi yanamtoka bila kelele. Alikuja taratibu akasimama upande wa kulia wa kiti, nyuma kidogo, mahali asipoonekana, akasugua vidole karibu na sikio, jinsi wanavyowapima watoto wachanga. Bi Futi hakugeuka. Akazunguka upande wa kushoto, akasugua tena. Bi Futi akageuka.

"Tangu lini?"

"Tangu ile homa, nadhani. Sikujua, mama. Wallahi sikujua."

Mama mkwe aliuweka mwiko juu ya spika, jambo ambalo siku nyingine lingeleta vita. Akamshika mkwe wake kichwa, akakilaza kwenye tumbo lake.

"Miezi miwili nakununia," alisema. "Miezi miwili nakusengenya kwa mwanangu. Mungu anisamehe." Kisha, kwa sababu hakuwa mtu wa kukaa na huzuni mikono mitupu, "Kesho asubuhi hospitali, mimi na wewe. Nitakaa na daktari mpaka anieleze kwa lugha ninayoielewa. Na ile uliyosema ya umri, nimeisahau. Nitaikumbuka baadaye."

Bi Futi alicheka, pua imeziba.

Geti likagongwa. Saa ya ukutani ilikuwa bado dakika kumi kufika saa kumi. Mwongozaji hawahi popote isipokuwa siku isiyofaa.

"Nimwambie unaumwa?" aliuliza mama mkwe. "Nimfukuze? Nitamfukuza vizuri."

Kwa dakika moja Bi Futi aliuona uongo ulivyo rahisi. Kompyuta imeharibika, kaka, nipe wiki. Linux hii, unajua tena. Angeamini, watu huamini lolote kuhusu kompyuta. Angemaliza filamu kwa kutazama namba za mita badala ya kusikiliza, na huenda hata ingependeza, na mlinzi wa ghala angetembea na nyayo nyuma yake, na yeye angebaki peke yake humu ndani na siri, akiangalia midomo ya watu.

"Mfungulie, mama."

Alikirudisha kiti ndani ya alama zake, akaukanyaga ule utepe ukashika. Akakaa akitazama mbele. Mwongozaji aliliruka godoro kibarazani, akaingia na begi lake begani, akavuka pazia, akasimama pale anaposimama siku zote, mkono wa kulia wa kiti, akaanza kusema. Bi Futi aliiona midomo yake kwa pembe ya jicho. Kilichomfikia kilikuwa sauti bila maneno. Kwa miezi miwili, sasa alitambua, alikuwa akiitikia sauti hiyo kwa kutabasamu na kutikisa kichwa.

Hakutabasamu.

"Njoo usimame huku kushoto, kaka," alisema. "Kompyuta ni nzima. Kuna jambo nataka nikwambie kabla hatujawasha."

Mwongozaji akashusha begi, akakizunguka kiti.